Hesabu ya Njaa

Mwaka 1848, katika maabara yenye unyevu jijini Paris, Claude Bernard alikuwa akitafuta sukari inapopotelea. Wataalamu wa zama zake walikwisha kata shauri: mimea hutengeneza sukari, wanyama huila na kuiteketeza, na habari inaishia hapo. Bernard alitaka tu kujua ni kiungo gani kinachoiteketeza. Akawa anawalisha mbwa vyakula vya sukari, kisha anaifuatilia damu yao mshipa kwa mshipa. Ili apate cha kulinganisha, akawalisha mbwa wengine nyama tupu, bila chembe ya sukari wala wanga. Kwa hawa hakutarajia kuona kitu. Kumbe damu iliyotoka kwenye ini lao ilikuwa na sukari tele.

Akarudia. Akawajaribu mbwa walionyimwa chakula. Damu iliyokuwa ikiingia kwenye ini ilikuwa haina sukari, au inayo kidogo mno. Iliyokuwa ikitoka ilikuwa nayo. Hapakuwa na njia nyingine ya kulieleza jambo hilo: mnyama hujitengenezea sukari yake mwenyewe, hata asipoonja kitu, na kiwanda ni ini.

Miaka saba baadaye Bernard alifanya jaribio ambalo hadi leo huwafurahisha walimu wa biolojia. Alichukua ini lililotolewa kwa mnyama, akapitisha maji kwenye mishipa yake kwa nguvu mpaka yale yanayotoka yakawa hayana dalili ya sukari. Akaliacha. Kesho yake ini lile lile, lililooshwa likatakata, likakutwa limejaa sukari upya. Kwa hiyo ndani yake mlikuwa na kitu kingine kisicho sukari, kinachogeuka kuwa sukari polepole. Mwaka 1857 akafanikiwa kukitenga: unga mweupe unaofanana na wanga wa mimea. Akauita glikojeni.

Bernard alikuwa mtoto wa mkulima wa mizabibu, aliyefika Paris akiwa na mchezo wa kuigiza mkononi na ndoto ya kuwa mtunzi, hadi mhakiki mmoja alipomshauri atafute kazi ya kumpa riziki. Mali aliyokuja nayo mkewe ndiyo iliyomwezesha kuendelea na utafiti. Mke huyo huyo baadaye aliachana naye, akawa mtetezi wa wanyama, hasa wale wanaopasuliwa wakiwa hai. Sina haraka ya kumlaumu. Njia ya kuijua njaa ilipita juu ya mbwa wengi, na mbele yake walikuwa wanadamu wakisubiri zamu yao.

*

Glikojeni ilitatua swali moja na kuzaa jingine kubwa zaidi, ambalo lilichukua zaidi ya miaka mia moja kupata jibu. Ili kuliona, inabidi tupige hesabu kwa takwimu ambazo Bernard mwenyewe hakuwa nazo.

Ini la mtu mzima aliyeshiba lina glikojeni kama gramu 100. Misuli yote kwa pamoja ina nyingi zaidi, gramu 400 hivi, lakini ni michoyo: haina kimeng'enya cha kuirudisha sukari hiyo kwenye damu, hivyo huitumia yenyewe. Ubongo nao, ambao uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, hutumia takriban gramu 120 za glukosi kila siku, uwe unafikiri mambo mazito au umelala fofofo. Hauna ghala la maana. Unaishi kwa kinachopita. Mtu asipokula kwa siku nzima, akiba ya ini lake huwa imekaribia kwisha.

Baada ya hapo je? Mtu wa kilo 70 asiye mnene anatembea na mafuta yapata kilo 12, yaani zaidi ya kilokalori 100,000, nishati ya karibu miezi miwili. Tatizo ni kwamba asidi za mafuta hazigeuki kuwa glukosi, na ubongo hauendeshi kazi zake kwa asidi hizo. Ni kipande kidogo tu cha mafuta, gliseroli, kinachoweza kugeuzwa sukari. Ni kama mtu mwenye ekari nyingi za shamba kijijini asiyekuwa na shilingi ya kununulia unga leo. Inabaki protini. Ini linaweza kuibomoa protini na kuigeuza glukosi, lakini kwa bei kali: kila gramu ya glukosi inagharimu kama gramu 1.75 za protini. Gramu 120 za ubongo zinadai zaidi ya gramu 200 za protini kwa siku, sawa na takriban kilo nzima ya misuli. Kwa mwendo huo mtu angekufa baada ya wiki mbili au tatu, misuli ya kupumulia imekwisha, huku mafuta yake mengi yakiwa bado yapo.

Lakini watu hawakuwa wakifa wiki ya tatu.

*

Jambo hilo lilijulikana kwanza kutokana na watu wa maonyesho kabla wanasayansi hawajalishika. Katika kiangazi cha 1880 daktari mmoja wa Marekani, Henry Tanner, alikaa siku 40 bila kula katika ukumbi wa New York, watazamaji wakilipa kiingilio na waangalizi wakimlinda usiku na mchana asije akapenyezewa mkate. Magazeti yalifuatilia kila kilo aliyopoteza. Baada yake wakaja wengi, waliozunguka miji ya Ulaya wakifunga mbele ya watu kwa malipo. Aliyevuma kuliko wote ni Mwitaliano Giovanni Succi, mtu aliyewahi kusafiri Afrika na kudai kwamba huko ndiko alikopata kinywaji cha mitishamba kinachomwezesha kukaa bila chakula. Dawa hiyo haikuwa na maajabu. Maajabu yalikuwa mwilini mwake, na yamo mwilini mwa kila mtu, lakini nani atalipa kiingilio kutazama kitu alicho nacho mwenyewe?

Mwaka 1888, huko Florence, mwanafiziolojia Luigi Luciani alimchukua Succi kwa siku 30, akampima kila siku: uzito, joto, mapigo ya moyo, mkojo. Ulikuwa mfungo wa kwanza mrefu wa mwanadamu kupimwa kwa uangalifu wa kisayansi, na Luciani akauandikia kitabu. Franz Kafka naye, mwaka 1922, aliandika hadithi maarufu kuhusu msanii wa njaa. Wakati huo watazamaji walishachoka, na maonyesho ya namna hiyo yalikuwa yakififia.

Kipimo muhimu kuliko vyote kilikuwa mkojo. Protini ina naitrojeni. Sukari na mafuta hayana. Mwili unapobomoa protini, naitrojeni hutolewa kwenye mkojo, na kila gramu moja yake inamaanisha kuwa takriban gramu 6.25 za protini zimebomolewa. Ukikusanya mkojo wa mtu anayefunga bila kupoteza tone, utajua ametafuna kiasi gani cha misuli yake siku ile. Kazi isiyo na heshima mbele za watu, lakini ndiyo iliyobeba siri yote.

Mwaka 1912 mtu mmoja kutoka Malta, Agostino Levanzin, alivuka bahari hadi Boston ili afunge siku 31 katika maabara ya lishe iliyoongozwa na Francis Benedict. Alikunywa maji yaliyokenekwa, basi. Usiku alilala ndani ya kalorimita, kisanduku cha kitanda kilichofungwa ili kupima joto analotoa na hewa anayovuta. Alianza akiwa na kilo 60 hivi, akamaliza akiwa na 47. Benedict alichapisha matokeo mwaka 1915 katika kitabu kinene chenye majedwali yasiyohesabika, na katika majedwali hayo kulikuwa na namba ambazo zingemsimamisha mtu yeyote aliyekuwa na swali sahihi kichwani. Naitrojeni ya Levanzin ilipanda hadi karibu gramu 12 siku ya nne. Kisha ikaanza kushuka. Mwisho wa mwezi ilikuwa chini ya gramu 8.

Zidisha mwenyewe. Gramu 8 za naitrojeni ni gramu 50 za protini, na gramu 50 za protini hazitoi hata gramu 30 za glukosi. Ongeza gliseroli, bado hazifiki nusu ya mahitaji ya ubongo. Levanzin alikuwa akizungumza, akisoma, akilalamika. Ubongo wake ulikuwa unakula kitu. Benedict alikuwa amekipima pia kitu hicho katika mkojo ule ule, ila wakati huo kila daktari alikiona kuwa ni uchafu wa hatari.

*

Kitu chenyewe ni ketoni, na sifa yake mbaya ilitoka kwa wagonjwa wa kisukari. Tangu 1857 ilijulikana kwamba mkojo wa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa una asetoni, na pumzi yake hutoa harufu kama ya tunda lililoiva kupita kiasi. Mwaka 1884 Oskar Minkowski akatambua ndani ya mkojo wa namna hiyo asidi ya jamii hiyo hiyo. Waliojaa asidi hizo walizimia na hawakuamka. Kwa madaktari, ketoni zilikuwa tarishi wa kifo.

Minkowski huyo huyo, pamoja na Joseph von Mering, waliondoa kongosho la mbwa huko Strasbourg mwaka 1889. Mbwa akaanza kukojoa ovyo, na mkojo ukakutwa una sukari. Kumbe kongosho lilikuwa na kitu kinachouzuia mwili usifike huko. Kitu hicho hakikupatikana kwa zaidi ya miaka 30, na katika kipindi hicho tiba pekee iliyorefusha maisha ya watoto wenye kisukari ilikuwa kuwanyima chakula. Frederick Allen, wa Taasisi ya Rockefeller huko New York, aliwafungisha wagonjwa mpaka sukari ikatoweka kwenye mkojo, kisha akawapa vijichakula vya kuhesabu. Walipata miezi, wengine miaka. Wengine walikufa kwa njaa badala ya kisukari, na wazazi waliokuwa wakifunga makabati ya jikoni kwa kufuli walijua tofauti ni ndogo.

Januari 1922, katika Hospitali Kuu ya Toronto, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, mwenye uzito usiozidi kilo 30, alidungwa dawa iliyotokana na kongosho la ng'ombe, kazi iliyoanzishwa na Frederick Banting na Charles Best chini ya paa la John Macleod. Sindano ya kwanza haikusaidia sana. Ya pili, Januari 23, iliyosafishwa na James Collip, ilishusha sukari ya damu na kuzifuta ketoni. Insulini ilikuwa imeingia duniani.

Habari hii husimuliwa kama historia ya kisukari, na kweli ni hivyo. Mimi naiona pia kama ufunguo wa historia ya njaa. Insulini ni tangazo ambalo kongosho hulitoa baada ya mlo: chakula kimefika, kila mtu aweke akiba. Ini huanza kuunda glikojeni, misuli hufungua milango kwa glukosi, tishu za mafuta hujifunga na kuacha kutoa mafuta. Insulini ikishuka, kila mlango hugeukia upande wa pili: ini hutoa sukari, mafuta huachiwa, na baadhi ya mafuta hayo ini huyapika kuwa ketoni. Mtoto asiye na insulini hata kidogo ana damu iliyofurika sukari, lakini viungo vyake vinasikia tangazo la njaa, na vinaitikia kwa bidii isiyo na breki. Ketoni zake hufika kiwango ambacho mtu mzima mwenye kongosho zima hawezi kukifikia hata akifunga mwezi. Madaktari walikuwa wameitazama njaa kwa kumwangalia mgonjwa wa kisukari, wakaiogopa.

*

Kuna sehemu ya historia hii inayoandikwa kwa kusitasita.

Ghetto la Warsaw lilifungwa kwa ukuta Novemba 1940, na zaidi ya Wayahudi 400,000 wakasongamanishwa ndani. Mgao uliowekwa na Wanazi haukutosha kumweka mtu hai. Waliookoka kwa muda waliokolewa na magendo, mara nyingi ya watoto wadogo waliopenya kwenye mashimo ya ukuta. Ndani mlikuwa na madaktari. Mwanzoni mwa 1942, wakiongozwa na Israel Milejkowski, waliamua kufanya utafiti juu ya kitu pekee kilichokuwa kingi: njaa. Hawakuwa na chakula cha kuwapa wagonjwa wao, na wao wenyewe walikuwa wanakufa njaa. Vifaa viliingizwa kwa siri. Walipima mapigo, shinikizo la damu, sukari, moyo, macho, ngozi za watoto. Waliona mwili unaopunguza kila kitu: mapigo yakawa ya polepole, joto likashuka, hewa inayotumiwa ikapungua, sukari ya damu ikawa chini. Watu walilala wakiwa wamejikunja chini ya mablanketi hata siku za jua, wakisema wana baridi.

Julai 22, 1942, treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka zilianza. Utafiti ulikatika. Waliobaki wakaandika walichokuwa nacho, na mswada ukatolewa nje ya ukuta kwa siri, ukafikishwa kwa profesa wa Kipolandi, Witold Orłowski, aliyeuhifadhi. Ulichapishwa Warsaw mwaka 1946. Wengi walioandika sura zake walikuwa wameshakufa, Milejkowski akiwa mmoja wao.

Vitabu vya kiada huweka utafiti huu bega kwa bega na ule wa Minnesota, kana kwamba ni juzuu mbili za kazi moja. Kwangu ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa namba zake zinakubaliana. Huko Minnesota, kuanzia Novemba 1944, mwanafiziolojia Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamira zao. Walijitolea ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya vita vikiisha. Kwa wiki 24 walikula kama kilokalori 1,570 kwa siku, viazi, mkate na kabichi kwa wingi, na kutakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Matumizi ya nishati wakiwa wamepumzika yalishuka kwa takriban asilimia 40. Wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani. Mapenzi, siasa, dini, vyote vikafifia. Mazungumzo yakawa ya chakula. Kitabu chao cha juzuu mbili kilitoka mwaka 1950 na bado kinasomwa.

Warsaw na Minnesota zilionyesha kwamba mwili wenye njaa hubana matumizi. Lakini kubana matumizi hakukutosha kusawazisha hesabu ya ubongo. Ubongo hauwezi kulala nusu.

*

Jibu lilipatikana Boston tena, si mbali na mahali alipolala Levanzin. Miaka ya 1960 ilikuwa na mtindo wa kuwatibu watu wanene kwa kuwafungisha wiki nyingi hospitalini, kwa maji, vitamini na chumvi tu. Mtindo huo baadaye uliachwa kwa sababu baadhi yao walikufa ghafla. Mskoti mmoja, Angus Barbieri, aliyekaa siku 382 bila kula mwaka 1965 na 1966 na kushuka kutoka kilo 207 hadi 82, anakumbukwa kwa sababu alinusurika, na si mfano wa kuigwa. Lakini wagonjwa wa aina hiyo waliwapa madaktari George Cahill na Oliver Owen nafasi ambayo Benedict hakuwa nayo.

Wagonjwa watatu, waliokuwa wamefunga kati ya wiki tano na sita, walipitishiwa mirija myembamba kwenye mishipa: mmoja katika ateri, kupima damu inayopanda kichwani, mwingine katika mshipa mkubwa wa shingo, kupima damu inayoshuka kutoka kwenye ubongo. Tofauti kati ya damu hizo mbili ndicho kile ambacho ubongo umekila. Ni wazo lile lile la Bernard na ini la mbwa, kipimo mlango wa kuingilia na kipimo mlango wa kutokea, isipokuwa safari hii mwenye mishipa alikuwa macho na anaweza kuulizwa anajisikiaje.

Damu ilipanda na ketoni nyingi, ikashuka na chache. Takriban theluthi mbili za nishati ya ubongo zilikuwa zinatoka kwenye ketoni. Glukosi iliyobaki ya lazima ilikuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kawaida. Makala ilichapishwa mwaka 1967, na kwa kurasa chache tu ile hesabu iliyokuwa imegoma ikakubali. Mafuta, ambayo ubongo hauyatumii yakiwa mabichi, ini huyakata vipande vidogo vinavyoyeyuka kwenye damu na kupenya hadi kichwani. Ubongo hubadilisha chakula, misuli inapumua. Kwa wale wagonjwa wa Cahill naitrojeni ya mkojo ilishuka hadi gramu 4 hivi kwa siku, na protini iliyobomolewa ikawa kama robo ya ile ya siku za mwanzo. Wiki tatu zikageuka miezi miwili au zaidi. Wafungwa kumi wa Ireland ya Kaskazini waliokufa kwa mgomo wa kula katika gereza la Maze mwaka 1981 walifariki kati ya siku ya 46 na ya 73. Ndivyo hesabu mpya inavyosema.

Kilichosaidia pia ni kipimo kilichobuniwa na Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko Bronx miaka michache kabla, kilichoweza kuona insulini ndani ya damu ijapokuwa ni kidogo ajabu. Mwili ukifunga, insulini hushuka na kubaki chini, huku homoni mwenzake wa kongosho, glukagoni, akipanda na kuliamuru ini lifungue akiba. Insulini haifiki sifuri, na hiyo ndiyo breki ambayo mtoto wa kisukari hana.

*

Wasomaji wa mwambao watauliza Ramadhani inaangukia wapi katika ramani hii. Mtu wa Lamu au Unguja hufunga saa 13 hivi, kutoka daku hadi Magharibi, na kwa kuwa tupo karibu na ikweta mwaka haubadilishi sana urefu huo. Saa nne au tano za kwanza bado anatumia daku. Baada ya hapo ini linaingia kazini kwa glikojeni, na mafuta yanaanza kuachiwa. Adhana ya Magharibi humkuta akiba ya ini lake imepungua lakini haijaisha, ketoni zikiwa zimeanza kujitokeza kidogo. Yule anayelala akaacha daku huwa amesogea mbali zaidi. Hata hivyo kichwa kinachogonga saa 10 jioni mara nyingi kinadai chai na maji, wala hakijafika kwenye mambo ya Cahill. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza yuko katika hali nyingine kabisa, ndiyo maana madaktari humtaka afike kliniki kabla ya mwezi kuandama.

Kwa mwili uliokwenda mbali sana, safari ya kurudi ina hatari yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili madaktari wa Marekani waliwalisha wanajeshi wa Kijapani waliokuwa wamejificha milimani Ufilipino wakiwa na njaa, na baadhi yao wakafa baada ya kuanza kula. Mambo ya namna hiyo yalionekana pia katika kambi zilizokombolewa Ulaya. Wanga unapoingia kwa wingi, insulini hupanda ghafla, na seli zilizokuwa zimezoea mafuta huanza kunyonya glukosi pamoja na fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu. Damu iliyokwisha kuwa maskini wa madini hayo hubaki tupu. Moyo hudhoofika, mapigo huvurugika.

Ndiyo sababu katika wodi za watoto wenye utapiamlo mkali, Turkana, Dodoma au Goma, mtoto anayepokelewa hapewi sahani ya uji mzito. Kwanza hupewa mililita 50 za maji ya sukari ya asilimia 10, kwa kuwa ini lake halina glikojeni ya kumvusha hata usiku mmoja, na hufunikwa asipoteze joto. Kisha huja maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 tu katika kila mililita 100, protini kidogo, chumvi kidogo, na potasiamu na magnesiamu zilizoongezwa. Hutolewa kwa kikombe kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Bibi wa mtoto hutazama kile kikombe kidogo na kumuuliza muuguzi kama hospitali nayo imeishiwa chakula. Muuguzi humwambia avumilie. Siku chache baadaye, uvimbe ukianza kupungua na mtoto mwenyewe akianza kudai zaidi, ndipo kikombe hubadilishwa kuwa F-100.